Gari Walimotagia Kuku

Jumapili, 1 Juni 1958

Kutwa nimesaga vali za injini aliyoiacha baba. Ya tatu bado haikai sawa. Nimeipaka uji wa msasa, nimeizungusha mpaka kiganja kimeota lengelenge. Nikamimina petroli kuijaribu, ikapenya. Kesho tena.

Shabani, ndugu yangu, kashinda chini ya lori la watu. Gereji ni yake, injini ni yangu. Ndivyo tulivyopatana baada ya baba kufariki. Mama amepita na ndoo mara nyingi hivi leo na hajaitazama hata mara moja. Kwake yeye mwanamke mwenye grisi mpaka kwenye viwiko ni msiba wa pili baada ya talaka.

Mume wangu aliniacha kwa sababu lori lake lilizimika hapa sokoni, yeye akahangaika, mie nikafungua kabureta na kuliwasha mbele ya watu. Sijutii. Ningeliwasha tena.

Alhamisi, 5 Juni

Vali zote zimekaa. Petroli haipenyi. Silinda hedi nimeifunika kwa gunia.

Sasa ninataka gari lenyewe. Chesisi na bodi viko Mbwera, ndani ya ghala la magome ya mikoko, kwa baba mdogo Omari. Baba alikuwa akitengeneza mashine ya boti ya mzungu mmoja mnunuzi wa magome. Mzungu yule alileta gari lake la mbio Mbwera wakati wa masika, barabara ikiwa imefungwa, alipakie kwenye jahazi. Nahodha akalikataa. Mzungu akashikwa na homa, akabebwa, akamwambia baba, "Lichukue wewe." Gari la viti viwili, la kabla ya vita, boneti ndefu kama mtumbwi, magurudumu ya spoku. Baba akaleta injini hapa Kibiti aitengeneze. Hakuwahi.

Nimemwambia Shabani tukalichukue. Kasema nina wazimu. Kasema tutakwenda.

Jumanne, 10 Juni

Mbwera. Kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Mchwa wamekula mbao zote za bodi, milango imebaki bati tupu. Lakini chesisi imenyooka. Nimelala chini nikaitazama kwa jicho moja kutoka nyuma hadi mbele. Imenyooka.

Baba mdogo alikuwa akicheka na wenzake. Kasema chukueni takataka zenu, kuku wangu nitawajengea banda. Nimemwomba aseme tena mbele ya Shabani. Kasema tena.

Halafu akaniita pembeni. Kuna mkulima wa mpunga huko Chumbi, mjane, anatafuta mke. Nikamwambia sijaja kwa hilo. Akaniambia nimeshakuwa mkubwa mno, si wa kuchagua tena. Nimemwitikia kwa adabu na nimerudi kuwatoa kuku.

Alhamisi, 12 Juni

Nyamisati. Tumefika, na gari limefika.

Tulifunga mitumbwi miwili ubavu kwa ubavu, boriti za mikoko juu, gari juu ya boriti. Tuliingia mtoni maji yakijaa. Wavuvi wanne kwenye makasia, Shabani mbele akipima kina kwa upondo, mie nimekaa ndani ya gari kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Kwenye kona moja mkondo ulitushika na mtumbwi wa kulia ukaanza kunywa maji. Wavuvi wakasema litoswe. Nilishika usukani na kusema akilitosa mtu anitose na mie ndani. Ni upumbavu, najua. Wakatukana, wakakumba maji, tukavuka.

Watu wa bandarini walikusanyika. Mzee mmoja aliuliza kama ni jeneza la mzungu.

Jumamosi, 28 Juni

Idi Kubwa. Nimeswali, nimekula pilau, nimevaa gauni jipya mpaka adhuhuri. Baada ya hapo ovaroli ya baba, kanga juu yake.

Mbao mpya za bodi zimekamilika. Seremala wa milango alizichonga kwa mninga, akifuata vipande vilivyoachwa na mchwa. Vingine havikuwapo kabisa, tukakisia. Mlango wa kushoto unafungika. Wa kulia unafungika ukipigwa goti.

Breki ni za waya. Nyaya zimeoza. Shabani kapata za lori, nene mno, tukazifumua nyuzi.

Watu wa Idi walipita kutazama. Wanawake walisimama mbali kwanza, halafu karibu. Mmoja kaniuliza litabeba nini, viti viwili tu. Nikamwambia halitabeba kitu, litakwenda. Akafikiri kidogo. "Basi," akasema, "hicho nacho ni kitu."

Jumatano, 9 Julai

Limewaka.

Hendeli ya kuwashia ilinirudi ikanipiga kifundo cha mkono. Mara ya kwanza moshi, mara ya pili mlio mmoja, mara ya tatu limewaka na halikuzima. Shabani alikaa chini kwenye vumbi. Mie sikulia. Nilisikiliza vali. Zote zinasema kitu kimoja.

Niliendesha mpaka nje ya mji, njia ya Bungu, na kurudi. Kwenye mchanga mkia unateleza, unageuza usukani kinyume na kuongeza mafuta, linakaa. Baba alinifundisha hivyo kwenye lori nikiwa bado mwari. Lori linachelewa kuelewa. Hili linaelewa kabla hujamaliza kufikiri.

Furaha niliyonayo sikuwa nayo siku ya arusi.

Jumamosi, 12 Julai

Mzungu wa barabara kuu, yule tunayemwita Bwana Barabara, aliharibikiwa karibu na soko. Waya wa klachi. Wakati Shabani akiubadilisha, yeye kaliona gari letu. Kalizunguka kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Anasema Kiswahili kizuri.

Kumbe yuko kwenye chama cha wazungu Dar es Salaam wanaoshindana kwa magari Jumapili moja moja, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za vita. Si kazi yao, ni mchezo. Kila mtu na gari lake alilolitengeneza nyumbani. Siku ya mwezi wa nane ni kubwa.

Akasema, "Lileteni. Mimi nitaliendesha."

Shabani alifurahi. Majirani walifurahi. Wote walinitazama kana kwamba nimepewa zawadi.

Nikasema, "Ataliendesha aliyelitengeneza, bwana."

Mama alikuwa mlangoni. Bwana Barabara hakukasirika, alikuna shingo. Akasema ziko mbio za mabibi, mizunguko mitano, wanaendesha wake wa wanachama. Karatasi ya chama inasema mabibi tu, haisemi wa nani. Lakini bila leseni hata getini sitapita.

Sina leseni. Hapa Kibiti hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jumatatu, 21 Julai

Utete. Tumevuka kwa pantoni Ndundu, gari likaloa mpaka kwenye ngazi za miguu. Shabani ndiye aliyeshika usukani, kwa kuwa yeye anayo leseni.

Inspekta alinisikiliza akiwa amesimama. Akauliza mume wangu yuko wapi. Sina. Baba? Amefariki. Basi walii wangu, mwenye dhamana juu yangu, nani? Nikamwambia baba mdogo, yuko Mbwera. Akasema nilete ruhusa yake ndipo atanipima.

Nikamuuliza kama Shabani alileta ruhusa ya baba mdogo. Akasema Shabani ni mwanamume. Nikamuuliza kama gari linajua. Askari mmoja akacheka, inspekta akamtazama.

Hasira imenifanya nisile. Njia nzima nimehesabu maneno ambayo ningemwambia. Yote mazuri, yote yamechelewa.

Ijumaa, 25 Julai

Baba mdogo kaja Kibiti kuswali Ijumaa na kujibu barua yangu ya kuomba ruhusa. Ruhusa atatoa. Kwanza niolewe Chumbi, halafu mume wangu akitaka niendeshe, ataandika yeye mwenyewe.

Nilikataa. Nilisema sitaki Chumbi, sitaki mpunga wala mjane. Akasema yeye ndiye mwenye neno juu yangu, si mwingine katika nyumba hii. Alilisema barazani, kwa sauti, mama akipepeta mchele ndani.

Ungo ulisimama. Nilisikia.

Jumatatu, 28 Julai

Nina leseni.

Niandike vizuri ilivyokuwa. Asubuhi mama alitoka amevaa buibui lake la sherehe na kusema twende Utete. Shabani akauliza kufanya nini. Hakujibiwa. Gari letu ni la wawili, tukapanda lori la mchele na Shabani akaja nyuma na gari.

Mama alikaa kwenye ngazi ya ofisi ya polisi, katikati, kila anayepanda amzunguke. Karani akamwomba akae pembeni. Akasema miguu yake inauma. Inspekta akatoka.

"Mie ndiye niliyemzaa huyu," mama akasema. "Nikamnyonyesha, nikamwoza, akarudi kwangu. Huyo wa Mbwera hajamfulia hata nepi. Ruhusa unayotaka ni hii, imekaa hapa. Mpime mwanangu."

"Mama, sheria..."

"Nisomee hiyo sheria, baba. Nina nafasi mpaka magharibi."

Hakuwa na sheria ya kusoma. Nilijua, naye alijua kuwa nimejua.

Akanipima kwa lori la serikali. Nimerudi nyuma kati ya mapipa, nimegeuza, nimesimama kwenye mlima na kuondoka bila kurudi hata kidogo. Aliniuliza ishara za mkono zote. Mwisho akanipa karatasi bila kuniangalia usoni.

Kwenye pantoni nilimshukuru mama. Akasema hakufanya kwa ajili ya gari, gari halipendi. Amechoka tu kuambiwa hana neno.

Jumanne, 5 Agosti

Baba mdogo kaja na vijana wanne wa Mbwera. Anasema gari ni la marehemu kaka yake, yeye ndiye mkubwa wa ukoo, analichukua. Lilipokuwa banda la kuku lilikuwa takataka. Sasa linanguruma, limekuwa urithi.

Shabani alibishana naye. Mie nilifungua boneti kana kwamba nafuta vumbi, nikatoa rota kwenye distributa na kuitia kifuani. Kitu kidogo, kinaingia kwenye ngumi, lakini bila hicho injini haiwaki.

Wakapiga hendeli mpaka wakalowa jasho. Halafu wakalisukuma. Mchanga wa Kibiti mwezi huu ni mwingi. Walifika karibu na msikiti. Watu walitoka madukani kutazama. Baba mdogo akaniuliza nimefanya nini.

"Wewe ndiye mwenyewe, baba mdogo. Liwashe."

Shabani akasema tena, safari hii bila kupaza sauti, kwamba alisikia Mbwera mara mbili, chukueni takataka zenu, na wavuvi walisikia, na yuko tayari kwenda kwa kadhi leo hii. Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mkubwa.

Vijana walikuwa wa kwanza kuondoka. Wanaogopa jua kuliko ukoo.

Nimelirudisha mwenyewe. Limewaka mara ya kwanza.

Jumamosi, 23 Agosti

Dar es Salaam, kwa shangazi, Kariakoo. Vumbi mpaka kwenye meno. Spoku mbili zimekatika Mkuranga, tumezibadilisha. Gasketi imeanza kulia kidogo, nimekaza nati. Breki ya kushoto inavuta.

Bwana Barabara alikuja kuona kama tumefika. Alionekana kama mtu aliyetumaini hatutafika. Akasema kesho nisichukie nikiambiwa hapana, yeye atajaribu lakini sisi ni wageni tu kwenye chama. Nikamwambia asijaribu sana, aandike tu jina langu.

Naogopa. Siogopi gari.

Jumapili, 24 Agosti

Uwanja ni lami ya zamani, imepasuka, mapipa kwenye kona, magunia ya mchanga. Wazungu chini ya mahema. Watu wetu nyuma ya kamba: madereva, wapishi, mayaya. Shabani na mie tu ndani, na gari letu, kwa kuwa jina limeandikwa.

Wanaume walishindana kwanza. Nilitazama kona. Ya mbali, karibu na miembe, upepo umeleta mchanga. Kila dereva alipofika pale aliondoa mguu. Nikaiweka akilini.

Walipoitwa mabibi nilipeleka gari kwenye mstari. Katibu wa chama, mwenye masharubu mekundu, kaja mbio.

"Wewe yaya? Toka. Hii gari ya nani?"

"Yangu."

"Hii mbio ya memsahibu. Hapana ya wewe."

Nikamwambia karatasi inasema mabibi, na mie ni bibi, na leseni hii hapa. Akamwita Bwana Barabara. Wakasemezana Kiingereza. Bwana Barabara alikuwa mwekundu, lakini nilimwona anagonga karatasi kwa kidole, mara kwa mara, mahali pamoja. Katibu akarudi, akasema nishuke kwanza, watazungumza.

Sikushuka. Nilishika usukani, nikatazama mbele. Nilijua nikishuka mara moja sitapanda tena. Wakitaka wanibebe, mbele ya wake zao wote. Wakasimama. Jua likawa kali. Magari ya wenzangu yakaanza kuchemka. Nyuma ya kamba watu walinyamaza kabisa, nako kunyamaza kule ndiko kulikoniweka kitini.

Mwisho katibu kaleta fundi wao akague, wakitumaini breki zitaonekana mbovu. Alikanyaga, alivuta, akalala chini. Alikaa kule muda mrefu. Alipotoka akamwambia katibu neno moja na kuondoka. Shabani kasema neno lilikuwa "salama."

Wakaniweka nyuma ya wote. Memsahibu mmoja mnene wa gari jeusi alivua miwani yake ya vumbi, akanipa, akavaa nyingine. Nikaivaa.

Tulikuwa sita. Bendera ikashuka. Kwenye njia iliyonyooka wananiacha, magari yao ni mapya. Kwenye kona nawarudia. Mzunguko wa pili nilimpita mmoja. Wa tatu nilifika kwenye mchanga wa miembeni, wao wakaondoa miguu, mie nikaacha mkia uteleze kama njia ya Bungu, nikageuza kinyume, nikaongeza, nikapita wawili kwa mara moja. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini.

Breki ya kushoto iliisha mzunguko wa nne. Nikapunguza kwa gia. Memsahibu mnene mbele yangu, na mwingine mbele yake. Sikuwafikia.

Wa tatu.

Wakakusanyika kutoa vikombe. Kwenye mbio za wanaume walimwita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye zetu katibu alimwita wa kwanza, akamwita wa pili, akawashukuru wote waliokuja, akakunja karatasi. Kikombe kidogo kilibaki mezani. Bwana Barabara alitazama viatu vyake.

Nilimwambia Shabani apige hendeli. Akapiga. Nikaingia uwanjani peke yangu, nikazunguka mara moja, polepole, gia ya pili. Mwenye bendera nyekundu aliiinua, nikampita. Nilipita mbele ya mahema karibu kiasi cha kuona chai kwenye vikombe vyao. Nilipofika kwenye kamba mayaya walipiga vigelegele, na wapishi wakagonga kamba kwa mikono, kamba nzima ikatikisika. Shabani akarukia ndani likienda. Tukatoka getini.

Sikulia mpaka Kariakoo.

Jumatano, 27 Agosti

Kibiti. Habari imetutangulia, imekua njiani. Sokoni wanasema nilikuwa wa kwanza. Nimewasahihisha. Wa tatu. Hawataki wa tatu, lakini ndiyo nafasi niliyoipata na siitaki nyingine.

Bwana Barabara kapita, kasimama nje ya gereji. Akasema ameandika malalamiko kwa chama. Nikamwambia asante. Akasema pia pengine watabadilisha maneno ya karatasi kabla ya siku nyingine, yawe wake wa wanachama. Nikamwambia nimeelewa. Akaomba tumtengenezee breki za gari lake. Shabani kampangia Jumatatu.

Nimewaka kwa hasira kutwa. Halafu nimefungua breki ya kushoto. Waya umekatika nyuzi zote isipokuwa chache. Kidogo tu ningekuwa kwenye miembe. Nimeunganisha mpya.

Mbwera wametuma salamu. Salamu tu, bila maneno.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama mkubwa, dada yake mama anayekaa Chumbi, anaumwa nyonga. Mama alitaka kwenda. Lori halikuja. Alisimama barabarani na kikapu chake mpaka jua likapanda, halafu akaja gerejini, akafungua mlango wa kushoto, akaingia, akaweka kikapu mapajani. Mie nilifuta mikono, nikaenda zangu upande wa pili.

Pantoni ilikuwa tupu. Mto umeshuka, mchanga mweupe pande zote mbili. Ng'ambo barabara ni nzuri, imeparuliwa juzi. Mama alishika ukingo wa mlango kwa mkono mmoja na buibui kwa mwingine. Nilikwenda taratibu kama anayebeba mayai.

Baadaye niliona ameachia mlango. Upepo ulimvua buibui kichwani, hakulirudisha. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamekwisha kuvunwa, mabua matupu, ndege wengi.

"Shabani kasema linakwenda zaidi ya hivi," akasema.

"Linakwenda."

Alitazama mbele.

"Basi liende."

Nikabadilisha gia.